Tununue Nini cha Kutazama Sebuleni? Mwongozo kwa Kaya ya Dar es Salaam

Mtu akienda dukani kuulizia king'amuzi au huduma ya filamu, jambo la kwanza analoelezwa ni wingi: chaneli mia na kitu, maelfu ya filamu, tamthilia mpya kila wiki. Mimi siupi wingi huo uzito mkubwa. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiwauliza majirani zangu wa Tabata, ndugu walioko Mbagala na Kigamboni, pamoja na wenzangu wa kazini, swali moja tu: mwezi uliopita nyumbani kwenu mlitazama nini mpaka mwisho? Ukimuuliza mtu kama huduma anayoilipia ni nzuri, atakujibu kwa adabu kwamba si haba. Ukimuuliza alichokimaliza, atakwambia ukweli. Mpangilio ufuatao umetokana na majibu hayo na yale ninayoyaona katika sebule yangu mwenyewe.

Kwa nyumba yenye watu wa rika mbalimbali, ninaiweka Azam TV katika nafasi ya kwanza, na sababu yangu kubwa ni lugha. Huduma hiyo ilianza mwaka 2013, na hadi leo kinachosifiwa zaidi na watazamaji niliowauliza ni chaneli ya Sinema Zetu, inayoonyesha kazi za hapa nyumbani, pamoja na tamthilia za Uturuki zilizoingizwa sauti za Kiswahili. Tamthilia yenye maandishi chini ya kioo humtaka mtazamaji akae na akodoe macho, ilhali saa mbili usiku katika nyumba nyingi za jiji hili kuna mtu anayekunja nguo, mwingine anachambua mchele na bibi ambaye maandishi yale madogo hayaoni kabisa. Tamthilia inayozungumza Kiswahili huwafikia wote hao kwa wakati mmoja, na kesho yake wote wana la kusimulia. Jambo hili lilijidhihirisha tangu mwaka 2011, TBC iliporusha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, iliyomhusu mke kijana na vita vyake na mama mkwe. China ni mbali, lakini ugomvi ule kila mtu aliutambua.

Lawama nazo zipo, na mnunuzi anastahili kuzijua mapema. Wengi walilalamika kwamba tamthilia ndefu huvutwa mno, kiasi kwamba ukikosa vipindi vitatu unarudi na kuwakuta wahusika wako palepale. Kuhusu filamu za Bongo, lawama iliyorudiwa kuliko zote ilihusu sauti: muziki unapanda hadi unafunika maneno, kisha katika tukio linalofuata waigizaji wanasikika kama wako chumba cha pili. Uigizaji wenyewe ulisifiwa, hasa wa wanawake watu wazima wanaocheza nafasi za mama na shangazi. Pia kumbuka kwamba Ligi Kuu huonyeshwa na Azam hiyohiyo, hivyo siku ambayo Simba au Yanga wanacheza, nyumba yenye runinga moja na king'amuzi kimoja italazimika kuamua mapema nani anashika rimoti. Vilevile dishi lolote, liwe la kampuni yoyote, hudhoofishwa na mvua kubwa, kwa hiyo msimu wa masika tarajia picha kukwama nyakati fulani. King'amuzi cha antena hakikupi usumbufu huo kwa kiwango hicho, lakini kwa kawaida chaneli zake ni chache na upokeaji wake hutegemea mahali ulipo. Usimlipe fundi kabla hujawasha runinga na kuzipitia chaneli unazozitaka moja baada ya nyingine.

Nafasi ya pili naipa YouTube, kwa sharti kwamba nyumba ina intaneti isiyo na kikomo. Watayarishaji wengi wa Bongo sasa huweka filamu nzima na tamthilia zao katika chaneli zao wenyewe, na mtazamaji huchagua saa anayoitaka. Nimependa namna maoni ya watu yanavyokuwa huru huko: kipindi kikiwa dhaifu, kinaambiwa siku hiyohiyo, na mara nyingine mtunzi anasikia. Neno bure lisikudanganye, hata hivyo. Video yenye picha safi inaweza kula takribani gigabaiti 3 kwa saa. Ukitazama saa mbili kila usiku kwa siku 30 umefikia gigabaiti 180, na hakuna bando la kawaida la simu linalohimili kiasi hicho kwa bei ambayo familia ya kipato cha kati itaifurahia. Kama unapata faiba mtaani kwako au ruta ya malipo ya mwezi, muulize muuzaji swali moja kabla ya kusaini: je, kasi hupunguzwa baada ya matumizi kufikia kiasi fulani, na ikipunguzwa inabaki ngapi? Jirani yangu mmoja hakuuliza, na kila ikifika tarehe 20 nyumba yake hutazama duara linalozunguka.

Netflix, iliyofika Tanzania Januari 2016 pamoja na nchi nyingine nyingi, naiweka ya tatu, ingawa kwa mtu anayeishi peke yake au wanandoa wasio na watoto ningeipandisha bila kusita. Waliokuwa nayo ndio waliotaja tamthilia walizozimaliza kwa furaha kuliko kundi jingine lolote, za Korea Kusini zikiongoza, kwa kuwa hadithi nyingi za huko hufikia mwisho ndani ya msimu mmoja. Kuhusu za Marekani, walioudhika walisema kwamba msimu wa kwanza huwavuta, wa tatu huwachosha, na baadhi hukatishwa kabla fumbo halijafumbuliwa. Kampuni yenyewe inashauri kasi ya megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya kiwango cha 1080, na 15 kwa picha ya 4K, kwa hiyo hakuna haja ya kununua kifurushi cha juu kabisa ikiwa intaneti yako inachechemea. Kwa mtumiaji wa bando, rekebisha mpangilio wa matumizi ya data kwenye kiwango cha chini: hapo saa moja hutumia takribani gigabaiti 0.3, picha inatosha kioo cha simu, na saa mbili kila siku kwa mwezi zinakuwa gigabaiti 18 tu. Binamu yangu hupakua vipindi vyake kwenye intaneti ya ofisini na kuvitazama ndani ya mwendokasi kutoka Kivukoni hadi Kimara. Hasara yake ni kwamba malipo huhitaji kadi, na kwamba bibi hana lake humo.

DStv inafuata, na si kwa ubaya wa kazi zake. Kusema kweli, tamthilia za Maisha Magic Bongo ndizo zilizosifiwa zaidi kwa picha, mavazi na mazungumzo yanayofanana na ya watu halisi. Kinachoishusha ni kwamba watu niliowauliza waliolipia vifurushi vya juu walitazama chaneli tatu au nne tu, na aghalabu moja kati ya hizo ilikuwa ya Ligi Kuu ya Uingereza. Ikiwa mpira huo ni sehemu ya maisha yenu, malipo yana sababu. Ikiwa lengo ni tamthilia pekee, uliza kwanza kifurushi cha chini kabisa chenye chaneli mnayoipenda. StarTimes ni chaguo la kuridhisha kwa aliyepanga chumba kimoja na anayetaka antena asiyohangaika nayo siku ya kuhama.

Mwisho kabisa naweka flashi inayojazwa muvi kwenye kibanda. Najua ndiyo njia rahisi kuliko zote, na kuanzia Kariakoo hadi Gongo la Mboto hutembei mbali kabla hujakikuta kibanda. Lakini nakala hizo hutolewa bila idhini ya wenye kazi, kinyume cha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na anayeumia kwanza ni mtayarishaji wa Sinza au Kinondoni aliyekopa ili arekodi. Hata kwa ubora, malalamiko yalikuwa mengi: filamu iliyorekodiwa ndani ya ukumbi huku vichwa vya watu vikipita, kipindi cha tisa kinachokosekana, flashi inayorudi na virusi. Jambo moja tu ndilo lililowafanya watu waitetee kwa dhati, nalo ni filamu zilizotafsiriwa, ambamo sauti moja huigiza wahusika wote, hueleza mila za ugenini kwa mifano ya Manzese na kumwonya shujaa asifungue mlango. Huo ni usanii, na sijaupata katika king'amuzi chochote nilichokitaja hapa. Siku kampuni mojawapo itakapowaajiri wasimuliaji hao kwa mkataba halali, wenye filamu nao wakalipwa haki yao, nitakuwa wa kwanza kulipia kifurushi hicho, na mama yangu mzazi atakuwa ameshaketi mbele ya runinga.