Kebo za Mtandao kwa Nyumba na Biashara Mwanza: Ulizia Shaba Kabla ya Kuulizia Kasi

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji wa Mwanza, kuanzia Nyegezi hadi Igoma, yanafanana mno kiasi kwamba nimeona ni bora niyajibu kwa pamoja. Mwenye nyumba ya wageni huko Kirumba anaeleza kwamba kamera zake za ulinzi hufanya kazi vizuri mchana kutwa, lakini giza likishaingia huanza kuzima na kuwaka, na huendelea hivyo mpaka alfajiri. Mwenye duka la dawa anasema kompyuta iliyo chumba cha nyuma hupoteza mtandao mara kwa mara, ilhali ile iliyo karibu na ruta haina shida yoyote. Wote wawili walishauriwa kununua vifaa vipya, na wote wawili walinunua. Hakuna aliyewaambia waikague kebo iliyopitishwa darini.

Kwa hiyo sitatumia nafasi kubwa kuzungumzia kasi. Kebo ya mtandao ya daraja la Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi umbali wa mita 100, na Cat6 hubeba kiasi hicho hicho kwa umbali huo, ikiwa na uwezo wa kufikia gigabiti 10 kwa takriban mita 55. Kwa nyumba, duka, zahanati au ofisi ndogo, yoyote kati ya hizo mbili inatosha. Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizii, na wauzaji wengi hawalisemi, ni madini yaliyomo ndani ya zile nyaya nane ndogo.

Kebo halali ya mtandao hutengenezwa kwa shaba tupu, na viwango vya TIA, chama cha sekta ya mawasiliano cha Marekani, vinadai hivyo. Hata hivyo, maduka yetu yamejaa kebo ambazo nyaya zake ni aluminiamu iliyofunikwa kwa tabaka jembamba la shaba. Kwenye boksi la mtengenezaji mkweli utaona herufi CCA, kifupi cha jina la Kiingereza la waya wa aina hiyo. Kwenye boksi la asiye mkweli utaona neno Cat6 peke yake, limeandikwa kwa herufi kubwa. Kwa macho, nyaya hizo ni nyekundu kama shaba yoyote. Testa ndogo ya taa nane, ambayo ndiyo kipimo pekee cha mafundi wengi, itawasha taa zote nane bila kusita, kwa sababu kazi yake ni kuonyesha kwamba waya umefika upande wa pili na kwa mpangilio sahihi. Haipimi ukinzani, yaani kiasi ambacho waya huzuia umeme kupita, na ukinzani ndio tatizo lenyewe.

Turudi kwa kamera za Kirumba. Kamera ya kawaida hutumia umeme kidogo mchana, lakini usiku huwasha taa zake za mwanga usioonekana kwa macho, na matumizi yake hupanda ghafla. Ikiwa fundi amepeleka umeme wa volti 12 kupitia jozi ya bluu na ya kahawia, kati ya jozi nne za nyaya zilizomo kwenye kebo, kama wengi wanavyofanya ili kukwepa gharama ya swichi ya PoE, inayopeleka umeme na data kwa kebo moja, basi kila volti ina thamani. Kwa kamera inayovuta ampea 0.5 mwishoni mwa mita 40, kebo ya shaba yenye unene wa 24 AWG (kipimo cha Marekani ambacho namba ikiwa kubwa waya huwa mwembamba) itapoteza takriban volti 1.7 njiani. Kebo ya aluminiamu ya unene huo huo itapoteza takriban volti 2.7, na kamera itabaki na volti 9 na ushee. Hapo hujizima, matumizi hushuka, volti hupanda, nayo huwaka tena. Kamera haina ubovu. Umeme unapotelea kwenye waya.

Sisi wa kando ya Ziwa Victoria tuna sababu ya ziada ya kuikataa aluminiamu. Unyevu unapoingia kwenye ncha iliyokatwa, mahali shaba na aluminiamu zinapokutana, kutu huanza kula kiungo, na kebo iliyofanya kazi vizuri siku ya kukabidhiwa huanza kusumbua baada ya misimu kadhaa ya mvua. Aidha, waya wa aluminiamu hukatika kwa urahisi ukikunjwa mara chache, na hukatikia palepale pabaya zaidi, nyuma ya soketi ya ukutani.

Namna ya kuitambua si ngumu, na sioni sababu ya muuzaji mwaminifu kumzuia mteja kuifanya. Menya ncha ya waya mmoja, kisha ukwaruze kwa kisu chenye makali: shaba tupu hubaki nyekundu hata ukikwaruza hadi katikati, ilhali ile nyingine hutoa rangi nyeupe ya fedha. Ukiwa na kiberiti cha gesi, ushikilie waya kwenye ncha ya moto. Aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi joto 660 na hulegea au kukatika upesi, ilhali shaba, inayoyeyuka kwa nyuzi 1,085, huwa nyekundu kwa joto na kubaki imesimama. Uzito nao husema, kwa kuwa shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko aluminiamu kwa ujazo ule ule. Boksi kamili la mita 305 linaloinuliwa kirahisi kwa mkono mmoja linatia shaka.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha maltimita. Unganisha nyaya mbili za jozi moja kwenye ncha ya ndani ya boksi, kisha upime ukinzani kwenye ncha ya nje. Kwa boksi zima la shaba utasoma takriban omu 40 ikiwa nyaya ni za 23 AWG, au takriban 51 ikiwa ni za 24 AWG. Kiwango cha juu kinachokubalika ni omu 9.38 kwa kila waya wenye urefu wa mita 100, yaani takriban 57 kwa jozi ya boksi zima. Ukisoma 80, rudisha boksi hilo. Kama ncha ya ndani haifikiki dukani, andikishana na muuzaji kwamba utapima nyumbani kabla kebo haijalazwa.

Sasa nije kwenye uchaguzi wenyewe, na sitaficha ninakoelemea.

Nafasi ya kwanza naipa Siemon, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1903, kwa Cat6 yake ya shaba tupu isiyo na kinga ya karatasi ya chuma. Ninaipendelea kwa sababu hesabu yake ya ukinzani hutoka kama ilivyoandikwa, rangi za jozi zake zinatofautishika hata chini ya tochi darini, na ganda lake humenyeka bila kuchubua nyaya za ndani. Kwa biashara inayotarajia kukaa kwenye jengo moja kwa miaka mingi, sioni sababu ya kutafuta kwingine. Tatizo lake ni kwamba kwa Mwanza mara nyingi huagizwa kutoka Dar es Salaam, na wapo wafanyabiashara wanaogeuza nauli ya basi kuwa kisingizio cha kupandisha bei kupita kiasi. Omba muuzaji atenganishe bei ya mzigo na gharama ya usafirishaji kwenye ankara. Anayekataa anakuonyesha kwamba tofauti hiyo haihusiani na basi.

Ya pili ni CommScope, ambayo kwa ubora haiachwi mbali. Hapa kuna jambo la kuangalia kwa makini. Kebo zilizojulikana kwa jina la AMP zilikuwa za kampuni ya TE Connectivity, na biashara hiyo ilinunuliwa na CommScope mwaka 2015. Ukiuziwa leo boksi linaloitwa jipya, lenye jina la AMP peke yake na lisilotaja CommScope popote, usilipe kabla ya kukwaruza waya. Jina hilo lilipata heshima kubwa kwa mafundi, na heshima hiyo ndiyo inayouzwa na wachapishaji wa maboksi bandia.

Ya tatu ni D-Link, Cat6 ya shaba, ambayo ndiyo ninayomshauri mwenye nyumba ya kawaida. Bei yake inavumilika. Soma tu maandishi ya ubavuni mwa kebo yenyewe, si ya boksi, kwa kuwa boksi hubadilishwa na kebo hubaki.

Kebo zisizo na jina sizipangi. Kama fedha ni kidogo kweli, nunua Cat5e ya shaba kwa mita chache unazozihitaji badala ya boksi zima la Cat6 ya aluminiamu; nyumba yenye soketi nne, kila moja ikiwa mita 25 kutoka kwenye ruta, inahitaji mita 100 tu na ziada kidogo.

Kinachonikera katika biashara hii ni kwamba maelezo ya aluminiamu hutolewa baada ya mteja kulalamika, kamwe si kabla. Mteja akiuliza, hujibiwa kwamba Cat6 ni Cat6. Akirudi na kebo mbovu, huambiwa kwamba kwa bei aliyolipa asingetarajia shaba, ilhali siku ya kununua bei hiyo iliitwa ofa. Wauzaji wa rejareja hukata mita kutoka kwenye mviringo usio na boksi, na risiti huandikwa neno moja, “waya”. Dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, inayotaja aina, daraja na maneno “shaba tupu”, kwa kuwa karatasi hiyo ndiyo utakayoipeleka Tume ya Ushindani, yenye mamlaka juu ya bidhaa bandia, iwapo muuzaji ataruka kimanga.

Kuhusu ufungaji, miamba yetu inataka uangalifu wake. Nyumba nyingi za vilimani haziwezi kuchimbiwa mtaro, hivyo kebo hupitishwa juu ya mawe, na jua la hapa hupasua ganda la kawaida la ndani ya nyumba. Sehemu zote za nje zitumie kebo nyeusi ya nje yenye ganda la polithini, au zipite ndani ya bomba. Usikubali kuuziwa kebo yenye kinga ya chuma kwa maelezo kwamba ni bora zaidi, kwa sababu kinga hiyo hufanya kazi ikiwa imeunganishwa na ardhi ipasavyo, na kupata ardhi nzuri juu ya itale ni kazi ya mtaalamu. Kati ya jengo na jengo, pendelea faiba, kwa maana radi za ukanda huu wa ziwa hufuata waya wa shaba kutoka paa moja hadi vifaa vya nyumba ya pili.

Kwa biashara, omba fundi au kampuni ionyeshe leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kufunga na kutengeneza vifaa vya mawasiliano. Kwa yeyote yule, nunua kebo mwenyewe na umlipe ufundi peke yake, kwa kuwa mkataba wa “kazi na vifaa” ndio mlango mkuu wa aluminiamu. Jozi zisifunguliwe zaidi ya milimita 13 kwenye soketi, njia moja isizidi mita 90 ukutani, na kila ncha iandikwe namba. Bakiza sehemu ya malipo hadi kila soketi ipimwe mbele yako. Ganda la kebo huchapwa namba za mita, basi piga picha namba ya kwanza kabla kazi haijaanza na ya mwisho kazi inapokwisha. Utajua zimelazwa mita ngapi, na kipande kilichobaki kwenye boksi ni mali yako.