Uzoefu wangu na kalenda ya watunzi wa muziki waliozaliwa siku moja

Kwa mwaka mzima wa 2025 nimetumia kalenda ya mezani inayohusu watunzi wa muziki wa klasiki waliozaliwa tarehe moja, na kwa kuwa sasa zimebaki kurasa chache tu kabla haijaisha, naona ni wakati mwafaka wa kueleza niliyoyaona. Mimi ni mpiga kinanda na mwalimu wa kwaya ya parokia hapa Morogoro. Dada yangu anayeishi Ujerumani aliinunua huko kwa euro 22 na kuniletea alipokuja likizo ya Krismasi mwaka jana. Maandishi yake ni ya Kijerumani na Kiingereza, kwa hiyo kila nilichowasomea wanakwaya nilikifasiri mwenyewe.

Kila siku ina ukurasa wake wa kuchana, wenye upana wa kiganja. Upande wa mbele una jina la mtunzi, mahali alipozaliwa na mwaka; upande wa nyuma una kazi yake moja ya kusikiliza, pamoja na msimbo wa kuskani kwa simu. Pale watunzi wawili au watatu wanapokutana katika tarehe moja, ukurasa umegawanywa kwa mstari, na chini yake ipo aya fupi inayoeleza jambo lililowaunganisha zaidi ya siku ya kuzaliwa. Thamani yote ya kalenda hii imo katika aya hiyo. Ikiandikwa vizuri, unajifunza jambo ambalo usingelipata kwa kusoma wasifu wa mtu mmoja mmoja. Ikiandikwa kivivu, unabaki na majina mawili yaliyokaa pamoja kwa bahati.

Ukurasa ulionifanya niipende ni wa tarehe 7 Mei, ambayo mwaka huu iliangukia Jumatano, siku yetu ya mazoezi. Kushoto yupo Johannes Brahms, aliyezaliwa Hamburg mwaka 1833, na kulia yupo Pyotr Ilyich Tchaikovsky, aliyezaliwa Votkinsk nchini Urusi mwaka 1840. Aya ya chini inaeleza kwamba kila mmoja wao alitunga konseto moja tu ya fidla (kazi ya fidla ikiandamana na okestra), kwamba zote mbili ziko katika ufunguo wa D meja, na kwamba zote zilitungwa mwaka uleule wa 1878, kila moja kando ya ziwa: ya Brahms huko Pörtschach nchini Austria, na ya Tchaikovsky huko Clarens, kando ya Ziwa Geneva nchini Uswisi. Ile ya Brahms ilipigwa kwa mara ya kwanza Leipzig tarehe 1 Januari 1879, mpiga fidla akiwa rafiki yake Joseph Joachim. Ya Tchaikovsky ilisubiri hadi Desemba 1881, ilipopigwa Vienna na Adolph Brodsky, na mhakiki Eduard Hanslick, aliyekuwa mtu wa karibu wa Brahms, akaiponda bila huruma gazetini.

Hapo kalenda inafika kwenye kisa ambacho nilikisoma mara tatu. Tarehe 1 Januari 1888, miaka tisa kamili tangu konseto ya Brahms isikike katika mji huohuo wa Leipzig, Tchaikovsky alikwenda nyumbani kwa Brodsky na kumkuta Brahms akifanya mazoezi ya trio yake katika C mainori, kazi ya piano, fidla na sello. Hawakuwa wamewahi kuonana. Tchaikovsky hakuupenda muziki wa Brahms, na alikuwa ameshaliandika hilo katika shajara yake kwa maneno makali, lakini mtu mwenyewe alimwona mwema na asiye na majivuno. Mezani waliketi pia mtunzi wa Norway, Edvard Grieg, na mkewe Nina. Nina alikuwa amewekwa katikati ya Brahms na Tchaikovsky, akashindwa kuvumilia hali ya pale, akainuka. Mumewe akachukua kiti chake. Kisa kama hiki kinamsaidia mwanakwaya kijana kuelewa kwamba majina anayoyaona juu ya karatasi za noti yalikuwa ya watu waliokula pamoja, wakaoneana haya na wakavumiliana.

Jioni hiyo, kabla ya kuanza mazoezi, niliwachezea wanakwaya mwanzo wa konseto zote mbili kwa spika ndogo. Kwa Brahms, okestra huzungumza kwa muda mrefu na fidla inakaa kimya ikingoja zamu yake. Kwa Tchaikovsky, okestra hufungua mlango tu na fidla inaingia mapema, peke yake, kwa sauti laini. Binti mmoja wa sauti ya kwanza alisema, “Mwalimu, huyu wa pili hana subira.” Nimewahi kusoma vitabu kadhaa kuhusu watunzi hawa, na sikumbuki kitabu kilichonieleza tofauti yao kwa maneno machache namna hiyo. Jambo moja lililokosekana katika ukurasa huo ni kwamba tarehe hiyohiyo ya 7 Mei, mwaka 1824, ndipo Simfonia ya Tisa ya Beethoven iliposikika kwa mara ya kwanza huko Vienna. Nafasi ilikuwepo, na ingependeza sana kuliona hilo pale.

Kwa mpiga kinanda wa kanisani, tarehe 10 Desemba nayo ni hazina. Hapo wamekutana César Franck, aliyezaliwa Liège mwaka 1822, na Olivier Messiaen, aliyezaliwa Avignon mwaka 1908. Wote wawili walikuwa wapiga kinanda wa kanisa jijini Paris: Franck katika kanisa la Sainte-Clotilde tangu 1858 hadi alipofariki mwaka 1890, na Messiaen katika kanisa la Utatu Mtakatifu tangu 1931 hadi alipofariki mwaka 1992. Vinanda vyao vyote viwili ni kazi ya fundi mmoja, Aristide Cavaillé-Coll, na wote wawili walifundisha katika chuo cha muziki cha jiji hilo. Nilipowasomea wanakwaya kwamba Franck ndiye aliyetunga ile Panis Angelicus ambayo tumeiimba wakati wa komunyo kwa miaka mingi, walishangaa kusikia kwamba wimbo huo una mtu aliyeutunga, tena mtu aliyekaa kwenye benchi la kinanda kila Dominika kama mimi. Miaka zaidi ya 60 ya Messiaen kwenye kinanda kimoja iliwagusa zaidi kuliko jina lake.

Si kurasa zote zilizofanyiwa kazi namna hiyo. Tarehe 12 Mei inawaweka pamoja Jules Massenet wa mwaka 1842 na Gabriel Fauré wa mwaka 1845, na aya ya chini inasema tu kwamba wote ni Wafaransa. Jambo la kusema lilikuwepo, tena kubwa: Massenet alipoacha kufundisha utunzi katika chuo cha muziki cha Paris mwaka 1896, aliyechukua nafasi yake alikuwa Fauré. Ukurasa wa 27 Januari nao unamweka Édouard Lalo kando ya Mozart kana kwamba ni wa kujazia nafasi.

Sasa nieleze kasoro ambayo kwangu ni nzito, kwa sababu inagusa msingi wa bidhaa yenyewe. Kalenda inayouza tarehe za kuzaliwa inapaswa kumweleza mnunuzi tarehe hizo zimehesabiwaje, na hii haielezi. Chukua tarehe 21 Machi. Kalenda inasema siku hiyo walizaliwa Johann Sebastian Bach, mwaka 1685, na Modest Mussorgsky, mwaka 1839. Lakini Bach alizaliwa Eisenach wakati Waprotestanti wa Ujerumani bado walifuata kalenda ya zamani ya Juliani, ambayo katika karne ya 17 ilikuwa nyuma kwa siku 10. Walihamia kwenye hesabu mpya, ya kalenda ya Papa Gregori tunayoitumia leo, mwaka 1700. Mussorgsky naye alizaliwa Urusi, nchi iliyoshika kalenda hiyo ya zamani hadi mwaka 1918, na siku ya kuzaliwa kwake huko ilihesabiwa kuwa tarehe 9 Machi. Mhariri amemhamisha Mussorgsky kwenye hesabu mpya na kumwacha Bach kwenye hesabu ya zamani, kisha akawaita watu wa siku moja.

Ukiwapima kwa kipimo kimoja, Bach anahamia tarehe 31 Machi, na hapo anakutana na Joseph Haydn, aliyezaliwa Rohrau nchini Austria mwaka 1732, katika nchi ya Kikatoliki iliyokuwa imekwisha kuipokea kalenda ya Papa Gregori. Bach na Haydn kwenye ukurasa mmoja! Ni jozi ambayo mwalimu yeyote wa muziki angeitafuta kwa udi na uvumba, na imepotea kwa sababu hakuna aliyehesabu siku 10. Inaniuma zaidi nikiona kwamba kwa Warusi wengine hesabu imefanywa kwa uangalifu: Tchaikovsky amehamishwa kutoka 25 Aprili hadi 7 Mei, na Stravinsky kutoka 5 Juni hadi 17 Juni, ambako anakaa pamoja na Charles Gounod.

Beethoven naye amewekwa tarehe 17 Desemba na kuandikwa kwamba alizaliwa siku hiyo. Kitabu cha kanisa huko Bonn kinaonyesha kwamba alibatizwa tarehe 17 Desemba 1770, na kwa kuwa desturi ya wakati huo ilikuwa kumbatiza mtoto upesi, wengi huichukua tarehe 16 kuwa siku yake. Tarehe 16 ndiyo siku ya Zoltán Kodály, Mhungari aliyezaliwa mwaka 1882 na kujitolea maisha yake kuwafundisha watoto kuimba, na kuwakosesha hao wawili ukurasa mmoja ni hasara. Nilipowaeleza wanakwaya habari hii Jumatano iliyopita, mzee mmoja wa sauti ya nne aliinua mkono na kusema, “Mwalimu, hata tarehe yangu mimi ni ya padre. Mama hakuandika kitu.” Cheti chake cha ubatizo ndicho kilichomtambulisha shuleni, kazini na sasa katika pensheni. Watu wetu wanalielewa jambo hili vizuri kabisa. Mchapishaji angeweka neno moja, “alibatizwa”, lingetosha.

Lipo na jambo la tarehe 15 Agosti, Sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Ukurasa huo una jina moja tu, la Jacques Ibert wa Paris, mwaka 1890. Siku hiyohiyo mwaka 1875 alizaliwa London Samuel Coleridge-Taylor, ambaye baba yake alikuwa daktari kutoka Sierra Leone. Kantata yake, yaani kazi ya waimbaji na okestra, kuhusu karamu ya harusi ya Hiawatha, iliyosikika mara ya kwanza mwaka 1898, iliimbwa na kwaya nyingi za Uingereza kwa miongo kadhaa, na yeye alifariki mwaka 1912 akiwa na miaka 37 tu. Katika kalenda yenye watunzi wengi ambao sijawahi kuwasikia, kukosekana kwake kulinisikitisha, hasa kwa sababu wanakwaya wangu walikuwa wameshaniuliza kama yumo mtu yeyote mwenye asili ya Afrika. Nililiandika jina lake kwa kalamu kabla ya misa.

Kuhusu mengineyo: karatasi ni nzuri na wino haupaki, lakini gundi ya juu ililegea mwezi Aprili nikalazimika kuibana kwa kibanio. Misimbo mingi inafunguka haraka, ila michache ilinipeleka kwenye ukurasa mtupu, na anayetumia bando la siku ajue kwamba kusikiliza simfonia nzima kunalimaliza mapema.

Tarehe 22 Novemba ni sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, somo wa kwaya yetu. Mwaka huu ilikuwa Jumamosi, na baada ya misa nilisoma ukurasa wake mbele ya wanakwaya wote. Siku hiyo alizaliwa Joaquín Rodrigo huko Sagunto nchini Hispania mwaka 1901, na Benjamin Britten huko Lowestoft nchini Uingereza mwaka 1913, ambaye baadaye alimtungia mtakatifu huyo utenzi wa kwaya isiyo na ala. Rodrigo alipoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka mitatu, na muziki wake aliuandika kwa nukta nundu. Katika sauti ya pili tunaye dada asiyeona, ambaye hujifunza kila wimbo kwa kusikia. Aliniomba nirudie sentensi hiyo, kisha akauliza kama noti kweli zinaweza kuandikwa kwa nukta. Nilimjibu kwamba zinaandikwa kwa nukta zilezile sita alizojifunza shuleni, na kwamba Louis Braille mwenyewe alikuwa mpiga kinanda wa kanisa. Ukurasa ule nilimpa yeye, naye anautunza ndani ya kitabu chake cha nyimbo.

Ya mwaka 2026 nimekwisha kuiagiza. Nimemwomba dada yangu aifungue dukani kwenye tarehe 21 Machi na 15 Agosti, kisha anipigie simu kabla ya kulipa.