Kustaafu kwa hiari na miaka 55, au kungoja 60?

Mtumishi wa umma wa Masasi aliyeajiriwa akiwa na 25, akifika 55 ana miezi 360 ya michango. Kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya pensheni, ni 1/580 kwa kila mwezi: kama asilimia 62 ya wastani wa mshahara, kabla ya kutoa mkupuo, zile fedha za kustaafu zinazolipwa kwa mara moja. Akingoja 60, miezi 420, asilimia 72. Akipandishwa daraja, wastani nao hunenepa. Kwa hesabu tupu, kubaki kunashinda.

Anayetoka mapema anabaki na nguvu za shamba la korosho. Salfa, dawa ya ukungu, hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado majanini, na kibarua asiyesimamiwa huruka mikorosho. Ila mkupuo usiishie kwenye miche, itakusubirisha miaka mitatu na zaidi. Heri shamba linalozaa tayari.