Shokapu za gesi kwenye mlango wa tela langu: nimezitumia miezi mitano

Kabla ya shokapu za gesi, yaani vile vyuma vya kama pampu vinavyoinua na kushikilia mlango wa nyuma wa gari, mlango wa nyuma wa tela langu nilikuwa nauegemeza kwa kipande cha mti wa mwarobaini. Tela lenyewe ni lile dogo la umbo la tone la maji, ambalo Wamarekani wamekuwa wakijiundia nyumbani tangu miaka ya 1930: mbele godoro, nyuma jiko, na jiko linafunikwa na mlango mmoja mpana unaofunguka kwenda juu. Mti ulinifaa mpaka siku moja tukiwa Kayenze, Mwanza, upepo wa mchana ukavuma kutoka ziwani. Mlango ukatua juu ya sufuria ya ugali. Mke wangu akasema hapiki tena chini ya kitu kile.

Jozi ya kwanza nilinunua ya mtumba kwa shilingi 30,000, imetolewa kwenye mlango wa nyuma wa Noah. "Bosi, hizi utazeeka nazo," muuzaji akaniambia. Shokapu hazikuwa na ubaya, ubaya ulikuwa wangu. Mlango wa Noah ni chuma na kioo. Wangu ni fremu ya skwea paipu nyembamba, plaiwudi na shiti la alumini. Kuufunga ilibidi niuninginie. Wiki mbili tu pembe zikabinuka, kidole kinapita kwenye mwanya. Tena breketi za kushikia shokapu tulizifunga kwa macho, hivyo hata mlango ukiwa umefungwa shokapu ziliendelea kuusukuma ufunguke, komeo likishindana nazo peke yake.

Komeo lilishindwa tukiwa katikati ya daraja la Kigongo–Busisi, tunaelekea Sengerema. Nilisikia "pwaa!", nikaona kwenye kioo mlango umesimama kama tanga la mtumbwi. Bodaboda akanipita akipiga kelele: "Mzee, jiko linaondoka!" Bakuli mbili za plastiki mpaka leo ni mali ya Ziwa Victoria.

Niliporudi ndipo nikafanya hesabu. Mlango una kilo 16, niliupima kwa mizani ya kuning'iniza ya jirani yangu anayeuza samaki Mwaloni. Urefu wake ni sentimita 110, kwa hiyo uzito unakaa kama sentimita 55 kutoka kwenye bawaba. Shokapu haina mkono mrefu hivyo: mlango ukiwa wazi, kutoka bawaba hadi kwenye mstari wa shokapu, ukipima kwa pembe mraba, kwangu zilikuwa sentimita 22. Kilo 16 mara 55 ni 880; gawa kwa 22 unapata 40, yaani kilo za msukumo zinazohitajika. Nikanunua jozi mpya, 60,000, zimeandikwa 200N ubavuni, yaani kila moja inasukuma kama kilo 20. Mbili ni 40. Nikajiona mhandisi.

Safari hii breketi ya chini tuliisogeza ili mlango ukifungwa, mstari wa shokapu uvuke upande wa pili wa bawaba. Hapo shokapu yenyewe inausukuma mlango ubaki umefungwa. Fimbo nyembamba inayoingia na kutoka ikaelekezwa chini ili oili kidogo iliyomo ndani iloweshe sili, ule mpira unaozuia gesi isitoke. Fundi wangu wa Nyakato alitaka kuchomelea breketi shokapu ikiwa imeshafungwa. Nikamzuia: humo ndani kuna gesi ya naitrojeni imeshindiliwa, ikipata moto inaweza kupasuka, na cheche zikitua kwenye fimbo inayong'aa zinaacha vipele vya kuchana sili. "Kaka, hiki kikalamu?" akacheka. Lakini aliitoa.

Mchana wa kwanza raha tupu. Unasukuma kwa vidole viwili, unapanda wenyewe taratibu na kutulia juu. Alfajiri nikaamka kuchemsha chai, nikaufungua, nikatundika taulo lililolowa pembeni, nikageuka kutafuta kiberiti. Ulinishukia mgongoni pole pole kama mtu anayeomba msamaha. Gesi ikipoa msukumo hupungua, karibu asilimia 5 kwa kila nyuzi 15, na hesabu yangu ya 40 kwa 40 haikuwa na nafasi ya baridi, umande wala taulo.

Wengi hapo wangekimbilia dukani kuchukua 300N. Mimi nilishaungua na zile za Noah, kwa hiyo nikatoboa matundu mapya. Niliisogeza breketi ya mlangoni mpaka mkono ukawa sentimita 26. Sasa zinahitajika kilo 34 tu, na shokapu ni zilezile. Gharama: bolti nne, washa na soda moja ya fundi. Tangu hapo umesimama alfajiri zote, hata na taulo.

Ningezinunua tena? Jozi mpya ndiyo, bila kusita. Za mtumba labda kama unajua gari zilikotoka na umepima mlango wako kwanza. Mchanga wa ufukweni ndio adui wake. Kila tukiondoka nafuta fimbo kwa kitambaa kikavu, grisi siweki kwa sababu inashika mchanga zaidi.

Kuna kimoja tu nilichopoteza. Ukiisogeza breketi mbali na bawaba, mlango haupandi juu kama mwanzo. Mimi napita bila shida. Shemeji yangu ana futi sita na ushee, na kila akija kuchukua chai tunasikia kichwa chake kabla ya salamu.