RabbitMQ au Kafka? Naiua programu mbele yenu

Mwambaje wadau! Sauti leo safi, eeh? Maikrofoni mpya. Ile ya zamani imeliwa na chumvi, Mombasa hii mwaijua.

Haya. Programu mbili, kila moja na seva yake, zipelekeane vipi ujumbe? Katikati waweka programu ya kupokea ujumbe na kuushika hadi uchukuliwe, kama RabbitMQ au Kafka; ule mstari wa ujumbe unaongoja ndio foleni. Laptopu hii ni duka la Kongowea, yatuma oda. Ile pale ni stoo ya Changamwe. Mwanzo niliziunganisha moja kwa moja kwa HTTP, njia ileile ya kurasa za wavuti. Stima ikikatika Changamwe, oda yabisha hodi, hakuna wa kuitikia, na lawama zanirudia mimi.

Sasa RabbitMQ. Natuma oda 20. Stoo yachukua moja, ikiimaliza ndipo yajibu "nimepokea". Tazameni hapa: saba zimekwisha, moja iko mkononi, zinazongoja 12. Naiua stoo. Kap! Zinazongoja... 13! Ile ya mkononi imerudi foleni yenyewe. Wallahi nimeiona mara mia na bado nachekelea kama mtoto siku ya Idi.

Ila msiwashe lile jibu la otomatiki. Hapo oda ikitoka tu foleni yaifuta, stoo ikifa imekufa nayo. Na stoo ikimaliza kazi ikafa kabla ya kujibu, oda yaja mara ya pili. Kagua namba ya oda kabla hujamtoza mtu pesa mara mbili.

Kinachonikera? Yule mtumiaji wa kuanzia, "guest". Kwenye mashine yenyewe aingia, ukiwa seva nyingine akataliwa. Nimekesha hadi saa nane usiku nikiilaumu faiawoli, ule ukuta wa kuzuia wageni wa mtandao, kumbe wameifanya makusudi! Unda mtumiaji wako.

Kafka, najua mtauliza. Ilitoka LinkedIn, ikawa huria, msimbo wake wazi kwa wote, 2011. Ujumbe ukisomwa haufutwi, kwa kawaida wakaa siku 7, waweza kuurudia. Nilikuwa nikiiponda, nimelegea kidogo. Programu za kusoma data ileile zikiwa nyingi, ichukue. Duka la oda mia kwa siku? Hiyo ni trela ya bandarini kubebea mahamri.

Bei: zote mbili bure, utalipia seva ya kuziweka.

Ngoja, niizime RabbitMQ yenyewe niiwashe tena, muone zile 13... Foleni ipo. Oda... sifuri. Aa! Foleni niliiwekea idumu, oda zenyewe sikuzitia alama ya kuhifadhiwa kwenye diski. Hii siikati, ibaki hivyo hivyo. Natuma upya.