Thunderbird kwenye laptopu yangu nyota nne, kwenye kompyuta ya wote usithubutu

Mimi natunza vitabu vya hesabu vya wateja wawili watatu na mmoja wao hataki kabisa orodha ya mishahara ipite kwenye imeili bila kufungwa, ndo nikaangukia Thunderbird, programu ya imeili ya kuinstoli kwenye kompyuta. Zamani ilibidi uhangaike na kiongezeo cha Enigmail pembeni ila toka toleo la 78 la mwaka 2020 OpenPGP (mfumo wa kufunga imeili ili aisome uliyemwandikia tu) imo humohumo, unatengeneza ufunguo, ule wa wazi wa kufungia unampa mteja, wa siri wa kufungulia unabaki nao, naye anakupa wake wa wazi, kazi imeisha. Ni bure na kwenye laptopu yangu haijanisumbua.

Kilichonitoa jasho ni kompyuta ya sebuleni. Tunatumia wote, akaunti moja ya Windows, na mimi kwa uvivu wangu nikaiweka humo pia. Siku hiyo mpwa wangu ananiuliza, "Mjomba, kwani dereva wao analipwa laki nne tu?" Kaifungua tu, meseji zote peupeee! Kosa langu, sikuweka paswedi kuu, na usipoiweka haikuulizi kitu, ufunguo wa siri unakaa kwenye folda ya profaili na aliyekalia kiti ndo mwenye mali. Nimeshaiweka, ipo kwenye mipangilio upande wa faragha na usalama, ila kumbuka ukishaichapa inabaki wazi mpaka uifunge programu yenyewe, sio kuzima skrini tu.

Steshenari sasa. Ufunguo wako pale usiupeleke hata kwa flashi, kompyuta yao ikiwa na kidudu kinachonasa unachochapa umekwisha. Wengine wanasema tumia Proton Mail, huduma ya imeili inayofunga meseji yenyewe, kwenye brauza, ni kweli huinstoli kitu na ukirudi nyumbani unaona umeingia wapi na wapi unajitoa kote, hapo naipa maksi (ila ukimwandikia mtu wa Gmail haifungwi mpaka uiwekee paswedi yake). Shida ni ukidaunlodi PDF uprinti, hiyo imeshafunguliwa na inabaki pale. Juzi nimefungua folda ya madaunlodi nakuta CV za watu, vitambulisho vya NIDA, cheti cha ndoa cha mtu, nikashuka chini kutafuta orodha yangu ya wiki iliyopita, limo faili zima na jina la kampuni ya mteja.

Nyota moja nimekata kwa sababu paswedi kuu walitakiwa waikulazimishe siku ileile unayotengeneza ufunguo. Printa nimenunua ya mtumba, inakula wino balaa.