Kijiti cha mswaki au cha mwarobaini, kipi kiboko ya bakteria wa mdomoni?

Kwangu mimi mti wa mswaki (Salvadora persica) unaongoza, na sababu iko kwenye kemia yake. Ukimenya ganda ukatafuna ncha, unasikia ule ukali unapanda mpaka puani, sasa hapo ndo dawa inatengenezwa, maana seli zikipasuka kimeng'enya (protini inayoharakisha kemia) kinakutana na glukosinoleti, kemikali yenye salfa iliyomo kwenye kijiti, na inatoka kemikali kali iitwayo benzili aisothiosayaneti, ambayo maabara imeonekana inaua bakteria wabaya wa fizi kama Porphyromonas gingivalis. Ndo maana kijiti kibichi ni bora, kikikauka sana ukali unapungua, kata ncha mpya kila siku jamani. Juu ya hapo una silika (madini kama ya mchanga) ya kusugua na tanini, ile inayokaza mdomo kama chai kali.

Mwarobaini nao si mchezo, uchungu wake ni limonoidi, yaani kemikali chungu za mmea, kama nimbolaidi, na dondoo zake maabara zinazuia bakteria Streptococcus mutans anayetoboa meno. Ila azadiraktini, kemikali nyingine ya mwarobaini inayosifiwa sana, iko zaidi kwenye mbegu na kazi yake kubwa ni kuua wadudu. Mafuta ya mbegu msiwanyweshe watoto kabisa, yameshaleta sumu mbaya, na mjamzito asinywe mwarobaini.

Jino likishatoboka nenda kwa daktari, hapo kijiti chochote hakizibi.